Ukihama gazetini kwenda kitabuni, tengeneza faili kwanza

Mwanahabari aliyezoea makala za maneno 2,000 huona kitabu cha maneno 80,000 kama makala arobaini zilizounganishwa. Hapo ndipo wengi hukwama. Makala huchapishwa kabla hujasahau nani alisema nini. Kitabu huweza kula miaka mitatu, na ukifika sura ya tisa hukumbuki tena tarehe fulani uliitoa wapi.

Kwa hiyo jedwali la matukio litangulie sura ya kwanza. Safu nne zinatosha: tarehe, tukio, chanzo, na mahali chanzo kilipo, yaani dakika ya rekodi au ukurasa wa waraka. Mashahidi wawili wakipingana, ingiza kauli zote mbili wala usichague mapema. Baadaye utagundua nani alikuwepo na nani alisimuliwa tu.

Rekodi mahojiano, lakini daftari liwe mkononi: betri huisha, na watu hupenda kutoa mazito kinasa sauti kikishazimwa. Hayo ya mwisho yaandike kikamilifu siku hiyohiyo, uweke tarehe, na daftari usilitupe. Jeffrey Masson, aliyehojiwa kwa ajili ya makala, alimshtaki mwandishi Janet Malcolm wa jarida la The New Yorker mwaka 1984 kwa nukuu ambazo baadhi yake hazikuwa kwenye kanda. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1991, na Malcolm akashinda mbele ya jopo la raia waamuzi (jury) mwaka 1994. Ushindi huo ulimgharimu miaka kumi!

Masharti nayo yakubaliwe kabla ya swali la kwanza: jina litajwe, lifichwe, au maneno yasitumike kabisa.

Kuhusu fedha, kitabu cha namna hii, cha matukio ya kweli, mara nyingi huuzwa kwa mchapishaji kabla hakijaandikwa, kwa pendekezo lenye hoja kuu, muhtasari wa kila sura na sura moja au mbili za mfano. Malipo ya awali huja kwa mafungu: ukisaini, ukikabidhi mswada, kitabu kikitoka. Wakala anayekuuzia kitabu kwa kawaida hukata asilimia 15, na mrabaha, yaani fungu lako la kila nakala inayouzwa, hauingii mpaka mauzo yafidie malipo hayo. Kuacha ajira kwa kutegemea fungu la kwanza ni hatari, maana safari, ruhusa za picha na hata faharasa (orodha ya majina na mada mwishoni mwa kitabu) mara nyingi hulipiwa na mwandishi.

Uhakiki wa ukweli pia. Wachapishaji wengi hawaufanyi. Mhariri hunyoosha muundo na lugha, ilhali mkataba humtaka mwandishi athibitishe kwamba hakumkashifu mtu. Mlipe mhakiki wako, na umkabidhi lile jedwali.