Begonia Isiyohama

Mwaka 2009, nilipokuwa nimepata chumba changu cha kwanza cha kupanga hapa Moshi mjini, nilipanda Kibosho kumsalimia shangazi yangu, ambaye kihamba chake, yaani shamba la ukoo la Kichaga, kinaishia kwenye korongo lenye kijito, si mbali na msitu wa nusu maili, ule ukanda wa msitu unaopakana na vijiji vya Kilimanjaro. Chini kabisa ya korongo lile, mahali ambapo jua halifiki hata saa sita mchana, niliona mmea umeuparamia mti uliofunikwa na kuvumwani, shina lake likiwa laini na lenye maji, maua yake meupe yenye wekundu wa mbali yakining'inia kati ya majani. Niliitambua begonia kwa jani lake. Upande mmoja wa jani ulikuwa mpana na mwingine mwembamba, kama moyo uliochorwa na mtoto asiyejua kulinganisha, na jani la namna hiyo nilikuwa nimelizoea tangu utotoni kwenye vyungu vya mama yangu barazani.

Nilibandua shina zima kwa panga, nikalitia katika kopo la rangi lililojaa udongo mweusi wa pale pale, nikashuka nalo kwenye daladala nikiwa nimelipakata. Shangazi alinitazama tu, kisha akasema, "Mwanangu, hilo ua halishuki mjini. Limezoea kulala limelowa." Nililiweka dirishani. Siku ya nne kingo za majani zilikuwa zimekauka na kuwa kahawia, na baada ya hapo shina likaanza kuachia vipande kwenye maungio yake, kimoja kimoja, kila asubuhi kipande kipya kikiwa kimelala sakafuni. Haikutimiza wiki mbili. Nilikuwa nikiimwagilia kila siku, na sikuelewa kwamba ilichokosa si maji ya kwenye mizizi bali hewa yenye unyevu, ambayo hapa mjini mwezi Februari haipatikani hata kwa ndoo kumi.

Nilianza kusoma kwa sababu ya majuto. Mmea ule, kama ninavyoamini hadi leo, ulikuwa Begonia meyeri-johannis, begonia itambaayo ya misitu ya milima ya Afrika Mashariki, iliyopewa jina kwa heshima ya Hans Meyer, Mjerumani aliyefika Kibo, kilele cha juu kabisa cha Kilimanjaro, mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Ningependa siku moja mmea wa mlima huu upewe jina la mmoja wa Waafrika waliowabebea mizigo na kuwaonyesha njia. Begonia za mwituni duniani ni zaidi ya spishi 2,000, na katika bara letu zipo takriban 160, lakini iliyonifanya nielewe kosa langu haikui hapa mlimani kabisa. Ni ndugu yake wa mbali, mkaazi wa misitu ya mvua ya ukanda wa chini, huko Kameruni na Gabon.

Inaitwa Begonia scutifolia. Ni mmea mfupi unaokaa chini kwenye giza la msitu, shina lake likitambaa juu ya udongo wenye maji au juu ya mawe. Kikonyo hakilishiki jani pembeni, bali hulishika kwa upande wa chini, kama mkono unavyoishika ngao, na hapo ndipo jina lilipotoka, kwani ngao kwa Kilatini ni scutum. Maua yake ni ya njano, na kila ua lina petali mbili tu. Ukiipiga picha mtu atadhani ni ua la kawaida la kupambia meza. Ajabu yake kubwa ni kwamba haihami.

Hapa inafaa kwenda taratibu, kwa sababu mbegu za begonia ni vumbi. Gramu moja ya mbegu za begonia za bustanini huwa na punje zaidi ya 50,000, na kwa kawaida mtu hufikiri kwamba kitu chepesi namna hiyo hupeperushwa mbali. Kwenye uwanda ulio wazi ingekuwa hivyo, lakini chini ya miti mirefu ya msitu wa mvua upepo haupo. Mbegu inadondoka karibu na mama yake, au inasukumwa na matone ya mvua hatua chache, na ikiangukia mahali pakavu au penye jua kali inakufa kabla haijatoa jani la pili, kwa kuwa punje ndogo kiasi hicho haina akiba ya chakula. Kwa hiyo kundi la begonia hizi za njano husogea polepole mno, na haliwezi kuvuka eneo la nyasi lililotenganisha misitu miwili.

Marc Sosef, mtaalamu wa mimea kutoka Uholanzi, aliutumia ukweli huo katika utafiti wake wa mwaka 1994 kuhusu begonia hizi za njano, yaani scutifolia na ndugu zake wa karibu. Wakati wa enzi za barafu, miaka 20,000 hivi iliyopita, Afrika ya Kati ilikuwa kavu zaidi kuliko leo, na msitu mkubwa ukasinyaa, ukabaki katika maeneo machache yaliyoendelea kupata mvua. Mvua zilipoongezeka tena, miti mingi ilienea upya, mbegu zake zikibebwa na ndege, tembo na nyani. Begonia hizi zilibaki karibu na pale zilipojificha. Hivyo mahali zinapopatikana leo kwa wingi na kwa aina nyingi panaonyesha mahali ambapo msitu haukukatika katika kipindi chote kile cha ukame. Nilipoelewa jambo hilo nilikaa kimya muda mrefu. Mmea usiofika magotini mwa mtu unaweza kushuhudia kwamba mahali uliposimama pamekuwa na kivuli na maji kwa makumi ya maelfu ya miaka.

Begonia yetu ya mlimani si mvivu kiasi hicho. Yeye ni wa kundi la begonia za Kiafrika zenye matunda manene, yasiyo na mabawa matatu makavu ya begonia nyingine, na tunda la namna hiyo huvutia wanyama walao matunda, ambao hubeba mbegu. Hiyo ni sababu mojawapo inayonishawishi kueleza kwa nini ameenea kutoka Kenya hadi Kongo. Hata hivyo naye anadai kivuli na hewa yenye maji, na korongo likishakatwa miti, ndege hata akileta mbegu kila siku, hazitaota.

Siku hizi nikitaka begonia ya chumbani nachukua jani la begonia ya bustani, nalilaza juu ya mchanga wenye unyevu, nakata mishipa yake mikubwa kwa wembe, kisha nalifunika kwa chupa ya kioo iliyokatwa. Baada ya wiki kadhaa, pale pale kwenye jeraha la mshipa, hutokea kichomozi chekundu kidogo kuliko punje ya ulezi, na hicho ndicho mche mpya. Kwa njia hiyo jani moja linaweza kutoa miche mitano. Kwa hiyo naumia ninapokuta kwenye kitalu cha kando ya barabara mimea iliyong'olewa msituni ikiuzwa na udongo wake mweusi bado umeshika mizizi, kwa sababu najua itakavyokuwa siku ya nne.

Aprili iliyopita nilishuka tena korongoni na shangazi, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo. Kwenye mti nilioubandua mwaka ule hapajarudi begonia hata moja. Kuna kuvumwani tu. Hatua thelathini hivi juu ya kijito tulikuta nyingine, imeupanda mti uliolala juu ya maji, na chini ya jani moja palikuwa na tunda dogo, nene, zito kidogo lilipogusa kidole changu. Tuliliacha kwenye shina lake. Mvua ilikuwa inaanza tena, na shangazi alitaka tufike juu kabla njia haijawa utelezi.