Penseli kwanza, maneno baadaye

Kwenye vikao vyetu vya kuchemsha bongo, aliyetangulia kusema ndiye aliyekuwa akiamua mazungumzo yaelekee wapi. Na anayetangulia, mara nyingi, ni bosi. Akishasema "mimi naona tatizo ni fomu," basi kikao kizima ni fomu, fomu, fomu, na wengine wanatikisa vichwa huku wakichungulia simu chini ya meza.

Mimi kazi yangu ni usanifu wa mabango na ripoti, kwa hiyo niliposhauri tuanze kwa kuchora, wenzangu walidhani navutia kamba upande wangu. Masharti ni machache: penseli, karatasi, dakika tano, kimya, na hakuna kuandika neno hata moja. Kalamu za rangi nazikataa. Zikishatua mezani watu huanza kupamba, na pambo si wazo.

Siku tulipojadili kwa nini wateja wanaodai kurudishiwa fedha hukata tamaa, mhasibu wetu, mama ambaye vikaoni hunyamaza mpaka unasahau kama yupo, alichora mtu mbele ya safu ya milango. Mistari imepinda, mtu ana vidole vitatu. Ila hakuna mlango wenye kitasa. Nyuma ya kila mmoja, kwa vinukta vinukta, kuna mkono umeshika kitasa kwa ndani. Bosi aliinamia ile karatasi.

"Kwa hiyo, mama, mteja hana namna ya kujua ombi lake limefika wapi?"

"Hana, bosi. Ndiyo maana wote wananipigia mimi."

Fomu haikutajwa tena. Tulianza kupanga ujumbe mfupi ambao mteja atatumiwa kila ombi lake linapohama meza.

Alex Osborn, mtu wa matangazo wa Marekani aliyeueneza mtindo huu wa vikao, alisisitiza watu watoe mawazo mengi na wasikosoane. Sawa. Lakini mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba watu wakifikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa, wanapata mengi kuliko kundi la idadi ileile lililokaa pamoja. Sababu mojawapo naiona kila wiki: ukisubiri zamu yako huku mwenzako akinguruma, wazo lako linayeyuka. Penseli haisubiri zamu.

Mara chache natumia pia mchezo wa wasanii wa surrealism (sanaa inayochota kwenye ndoto na mambo yasiyopangwa) wa Paris, miaka ya 1920: unachora, unakunja karatasi, jirani anaendeleza bila kuona ulichochora. Unachekesha, na unafaa timu zilizozoeana mno. Kwa bajeti usiujaribu. Bajeti inataka jedwali.

"Sijui kuchora" nalisikia kila mara, na wanaolisema ndio ninaowataka. Anayenipa taabu ni fundi wa kuchora, maana dakika tano zinaisha bado anatia kivuli kwenye kiatu.

Sharti lililobaki linamhusu bosi: yeye huonyesha mchoro wake mwisho. Alikubali bila ubishi, nadhani kwa sababu farasi wake wote hutoka mbuzi.