Kifundo cha mguu: kipime kabla hujakivuta

D. D. Palmer, aliyeanzisha kairopraktiki (tiba ya kunyoosha mgongo na viungo kwa mikono) huko Davenport, Iowa, mwaka 1895, alidai kwamba asilimia 95 ya maradhi yote husababishwa na pingili za mgongo zilizohama. Asilimia 5 iliyobaki akavitupia viungo vingine. Dai lenyewe halikuthibitishwa kamwe, lakini kivuli cha mgawo ule bado kinaonekana kwa wanafunzi wengi: shingo na kiuno wanavijua kwa vidole, ila ukiwapa kifundo cha mguu wanakimbilia kukivuta ili kialike.

Anayeanza kujifunza viungo vya nje ya uti wa mgongo ningemshauri aanzie hapo hapo kwenye kifundo. Wagonjwa hawakosekani, mguu wa pili upo wa kulinganishia, na matokeo yanapimika kwa rula ya shule. Tena kifundo kinakufunza mapema kutoyaamini maneno matupu ya mgonjwa. Kifundo kilichokaza na kilicholegea vyote huuma, vyote humfanya mtu aogope ngazi, na mara nyingi vyote huelezwa kwa neno moja, "kimeteguka". Matibabu yake yanapingana: cha kwanza unakifungua, cha pili ukikifungua unakiharibu zaidi.

Mambo mengi yanategemea talusi, mfupa uliokaa juu ya mfupa wa kisigino na kubanwa na muundi na fibula (mfupa mwembamba ulio nje ya muundi) kutoka juu na pembeni. Hakuna msuli hata mmoja ulioshikana nao, na sehemu yake ya juu ni pana zaidi mbele kuliko nyuma. Wayo ukikunjwa kuelekea goko, upande mpana huingia kati ya vinundu viwili (vile vya mfupa vilivyotokeza ndani na nje ya kifundo) na kiungo hujifunga. Mtu akichuchumia, upande mwembamba ndio unaobaki humo, na kiungo huwa na nafasi ya kuyumba. Ndiyo maana watu huteguka wakishuka ngazi au wakitua baada ya kuruka: vidole viko chini, wayo unageukia ndani, na ligamenti (ukanda unaofunga mfupa kwa mfupa) ya mbele inayotoka kinundu cha nje kwenda shingo ya talusi huwa ya kwanza kuchanika.

Kabla ya kushika chochote, ondoa uwezekano wa mfupa kuvunjika. Kanuni za Ottawa, za kuamua nani anahitaji eksirei, zilizochapishwa mwaka 1992, hazihitaji mashine. Ikiwa maumivu yako eneo la vinundu, bonyeza ukingo wa nyuma wa kila kinundu, sentimita 6 za chini pamoja na ncha yake. Ikiwa maumivu yako katikati ya wayo, bonyeza kitako cha mfupa mrefu wa kidole kidogo, na mfupa wa navikula upande wa ndani. Kisha uliza kama aliweza kutembea hatua 4 mara baada ya kuumia, na kama anaweza sasa. Mfupa ukiuma mahali pamojawapo, au hatua 4 zikimshinda nyakati zote mbili, aende eksirei kwanza. Wanaoanza hukosea kwa kubonyeza mbele ya kinundu, kwenye ligamenti iliyovimba, ambako karibu kila aliyeteguka atalia. Kwa watoto ambao mifupa bado inakua uwe mkali zaidi, maana kinachoonekana kuteguka kinaweza kuwa jeraha la sehemu ya ukuaji ya fibula.

Kuna mgonjwa mwingine wa kumwogopa. Ni mwenye kisukari cha miaka mingi, ambaye wayo wake umevimba, una joto na wekundu, lakini halalamiki sana kwa maumivu. Huenda mifupa yake inasagika huku neva zikiwa zimekufa ganzi. Usimvute, usimkande, mwambie asiukanyagie mguu huo na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa ulegevu. Mgonjwa akae ukingoni mwa kitanda, goti limekunjwa, wayo unaning'inia ukiwa umeelekea chini nyuzi 10 hadi 20. Mkono mmoja unatuliza muundi juu ya vinundu, mwingine unakamata kisigino na kukivuta mbele. Linganisha na mguu mzima: talusi inasogea zaidi? Ule mwisho mgumu wa ligamenti upo, au inateleza tu? Ukikipima kifundo kikiwa nyuzi 90, talusi imebanwa na utapata jibu la uongo. Vilevile, katika siku mbili za mwanzo uvimbe na misuli iliyokakamaa huficha ulegevu, kwa hiyo rudia kipimo siku ya nne au ya tano, ambapo jibu huaminika zaidi. Kisha kamua muundi na fibula pamoja katikati ya shavu la mguu. Maumivu yakishuka hadi kifundoni, shuku kwamba kinachoshikanisha mifupa hiyo miwili kimeumia. Mgonjwa huyo usimlazimishe kukunja wayo, kwa kuwa ile sehemu pana ya talusi itaingia na kuitanua mifupa unayotaka ishikane.

Ukishajua kwamba hakuna kilichovunjika wala kulegea kupita kiasi, pima ukakamavu. Mgonjwa asimame akitazama ukuta, wayo umenyooka, na apeleke goti mbele mpaka liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Arudishe wayo nyuma kidogo kidogo hadi afikie mwisho wa uwezo wake, kisha upime kutoka ncha ya kidole gumba hadi ukutani. Kila sentimita 1 ni takriban nyuzi 3.6 za kukunja kifundo. Tofauti ya sentimita 2 kati ya miguu ni ya kufanyiwa kazi. Muulize pia mkazo anausikia wapi. Akiusikia nyuma, kwenye shavu, tatizo ni la msuli zaidi. Akisikia kitu kinabana mbele ya kifundo, fikiria talusi isiyorudi nyuma. Udanganyifu hutokea kwa njia mbili: kisigino kinanyanyuka kidogo usione (weka karatasi chini yake na ujaribu kuichomoa), au tao la wayo linaanguka ndani na goti linafika ukutani kwa njia ya panya.

Talusi isiyorudi nyuma hurudishwa kwanza kwa mkono wa pole. Mgonjwa alale chali, kisigino kiwe nje ya kitanda, taulo iliyokunjwa iwe chini ya mguu juu kidogo ya kisigino. Weka tao la mkono wako, kati ya kidole gumba na cha shahada, kwenye shingo ya talusi, chini tu ya mwisho wa muundi, usukume kuelekea sakafuni. Kwa kifundo kinachouma bado, ishia kabla ya kukutana na ukinzani; hizo ndizo ngazi ya I na II katika mpangilio wa Maitland, mtaalamu wa fiziotherapia aliyeigawa misukumo ya viungo kwa ngazi. Kilichokaza bila maumivu makali, ingia ndani ya ukinzani, ngazi ya III na IV. Sekunde 30 hadi 60, mara mbili au tatu, kisha rudi ukutani upime. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba walioteguka karibuni na kusukumwa hivi kwa upole, pamoja na barafu na mapumziko, walirudisha mkunjo usio na maumivu kwa vikao vichache kuliko wenzao.

Mkanda wa Mulligan (njia ya mtaalamu wa fiziotherapia, ya kusukuma kiungo huku mgonjwa akikitumia) nauona bora kwa aliyekwisha kuanza kukanyagia. Mgonjwa aweke wayo juu ya benchi fupi. Mkanda upite nyuma ya muundi wake juu ya vinundu, ukiwa na sponji ili usikate ukano wa kisigino, na uzunguke nyonga zako wewe uliye mbele yake. Mikono yako inashikilia talusi isiende mbele, nyonga zako zinavuta muundi, naye anasogeza goti mbele mara 10. Muundi unavyoinama, wewe shuka kwa kukunja magoti, maana mkanda usipobaki kwa pembe mraba na muundi unavuta upande usiotakiwa. Akisikia maumivu, badilisha mwelekeo au acha.

Mvuto wa ghafla huja mwisho. Mgonjwa chali, mguu umenyanyuliwa kidogo, vidole vyako vimefumana juu ya wayo, vile vidogo vikiwa kwenye shingo ya talusi na magumba chini ya unyayo. Kunja wayo mpaka ulegevu uishe, kisha vuta fupi na haraka kwa mstari wa mguu. Mikono ikiteleza mbele, unavuta mifupa ya katikati ya wayo. Wayo ukielekea chini, unavuta ile ligamenti iliyokwisha kuchanika. Na usifuate mlio. Picha za MRI (mashine ya sumaku) za viungo vya vidole, mwaka 2015, zilionyesha kwamba hualika pale uwazi unapojitengeneza kati ya nyuso za kiungo zinapoachana. Kiungo kilichoalika huhitaji kama dakika 20 kabla ya kualika tena. Hakuna mfupa "uliorudi mahali pake". Sentimita zisipoongezeka, mlio haukusaidia kitu.

Kilicholegea kipewe kazi: kusimama kwa mguu mmoja, macho wazi kisha yamefumbwa, karibu na ukuta wa kujishikilia, kila siku kwa wiki kadhaa. Yule ambaye kifundo kinaendelea kuuma kwa kina, kinavimba kila akitembea, na sentimita zake zimegoma baada ya vikao vitatu au vinne, huenda ana jeraha kwenye gegedu la talusi lenyewe. Eksirei ya kawaida inaweza kulikosa, mwombee MRI.