Porti kifuani, nikiwa naishi Busia

Walipoliondoa titi langu la kushoto kwa sababu ya saratani, madaktari walitoa pia tezi za kwapani. Nikaambiwa mkono huo usichomwe sindano wala kufungwa mashine ya presha, usije ukavimba. Ukabaki wa kulia peke yake, na baada ya mizunguko michache ya kemo, yaani dawa kali za saratani, mishipa yake ikakakamaa. Sista anapapasa kutoka kiwikoni hadi nyuma ya kiganja, anachoma, mshipa unakimbia, anaanza upya. Dawa yenyewe ni ile nyekundu, doksorubisini, ambayo ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Na bado nilikuwa na dawa nyingine ya mwaka mzima, kila baada ya wiki 3. Ndipo daktari akanitajia porti, na ndugu wakachanga fedha.

Ni kikopo kidogo cha titaniamu au plastiki ngumu, upana wake kama kisoda, chenye kifuniko cha silikoni. Kinafukiwa chini ya ngozi ya kifua, karibu na mtulinga, na mrija wake mwembamba unapita kwenye mshipa mpaka ule mkubwa unaoingiza damu moyoni. Huko damu ni nyingi na inakwenda kasi, hivyo dawa kali inachanganyika nayo papo hapo. Nilipigwa ganzi tu, nikawekewa upande wa kulia, kisha picha ya kifua ikaonyesha kwamba ncha ya mrija imekaa mahali pake. Kidonda kilipopona nikarudi kuoga na kufua kama kawaida.

Kazi ilikuwa kuitunza mbali na Kampala. Porti inachomwa kwa sindano ya Huber, ambayo ncha yake haikati vipande vya silikoni. Sindano ya kawaida inavikata, na mwishowe kifuniko kinavuja. Busia sikuzipata, kwa hiyo kila nikienda Kampala nanunua za akiba na kuziweka pamoja na kadi ya porti. Isipotumika, inasafishwa kila wiki 4 kwa maji ya chumvi, na bomba la sindano lisiwe dogo kuliko la mililita 10, kwa sababu bomba dogo linasukuma kwa nguvu kubwa mno na linaweza kupasua mrija. Sista mmoja wa kituo cha afya cha huku kwetu alikubali kujifunza. Nilimwombea maelekezo ya maandishi kwa waliokuwa wakinitibu, akayasoma mbele yangu, na mara ya kwanza alinitazama usoni kila hatua: "Mama, unasikia maumivu?" Damu isiporudi kwenye bomba, ananiambia nikohoe, niinue mkono, nigeuze shingo. Halazimishi kamwe. Namshukuru sana mwanamke huyu.

Kilichonitisha ni homa. Siku moja, muda mfupi baada ya kusafishwa, nilianza kutetemeka mpaka meno yakagongana, na joto likapita 38. Huku kwetu homa ni malaria kabla hata ya kupimwa. Kwenye kliniki ya jirani kipimo kilionyesha hakuna malaria, lakini kijana wa zamu alitaka kunitundikia dripu, tena kupitia porti, kwa sindano ya kawaida ambayo tayari alishaifungua.

"Mwanangu, ngoja kwanza," nikamwambia, na kumpa kadi. "Hii haichomwi kwa hiyo sindano. Na homa hii huenda inatoka humu humu."

Aliisoma pande zote mbili, akaiweka sindano chini. Mume wangu akatafuta gari usiku huo huo. Kampala walichukua damu kutoka kwenye porti na nyingine kutoka mkononi, wakazipeleka maabara kuoteshwa, yaani kuangalia kama kuna vijidudu vinavyokua humo, na wakanianzishia antibiotiki bila kusubiri majibu. Vijidudu vilikuwa ndani ya porti. Wakati mwingine hali hiyo inalazimu itolewe. Yangu ilipona.

Wewe uliyeambiwa uwekewe porti, muulize daktari mapema ni nani karibu na kwenu ataisafisha, na upige simu wapi ukipata homa usiku. Mwenye porti akitetemeka au ngozi juu yake ikiwa nyekundu, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha anayo.

Dawa ya mwaka nimeimaliza. Daktari anataka porti ibaki kwanza, kwa hiyo mimi na sista wangu tunaendelea na ratiba yetu ya wiki 4.