Kaye yangu ya Nyiragongo

Ilikuwa 2019, parki ya Virunga imefungua tena njia ya volkano ya Nyiragongo, mi na binamu zangu tukasema sasa tunapanda. Sisi watu wa Goma, mashariki ya Kongo, huo mlima tunauona kila asubui na moshi wake lakini wengi hatujawai kufika kule, waliokuwa wanapanda ni wageni tu, na ile kitu ilikuwa inaniuma sana.

Nilibeba kaye, yaani daftari, isiyo na mistari, kreyo (penseli) mbili, na vipande vya makala, makaa ya kupikia, nilivyochagua jikoni kwa mama, vile vyembamba vigumu. Bike, kalamu ya wino, niliacha nyumbani kwa sababu karatasi ikilowa bike inakataa, kreyo inaandika tu.

Tulianzia Kibati, magadi, walinzi wa parki, wenye bunduki mbele na nyuma, na kila mahali pa kupumzika wenzangu wanakunywa maji, mi nachora. Miti kwanza, haraka haraka. Kisha msitu ukapungua tukaingia kwenye mawe ya lava, mepesi, yanaviringika chini ya kiatu, yamejaa matundu, nikaona ukitaka kuchora jiwe kama lile lazima uanze na matundu yenyewe ndipo jiwe litokee.

Papa mmoja, mzee aliyekuwa anabebea watu mizigo akainama kuangalia.

"Mutoto, unachora mulima?"

"Ndiyo papa."

Akanyoosha fimbo upande wa Shaheru, ile volkano ndogo ya zamani iliyo ubavuni mwa Nyiragongo. "Basi chora na pale. Pale njo moto ilitokea 2002. Haikumwagika toka juu vile watu banawaza, mulima ilipasuka ku mbavu."

Nikakaa chini. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 nilikuwa mtoto, lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwa Kivu, nyumba yetu ya mbao ikabaki chini yake, tukaenda kulala Gisenyi, ngambo ya mpaka Rwanda, kwa watu. Na tangu hapo kila mtoto wa mtaa wetu akichora volkano anaichora kama sufuria inayofurika. Sasa niko mbele ya ubavu wenyewe, majani yameshaanza kuota pembeni, wenzangu wananiita twende baridi inakuja, nikawaambia ngojeni, nikatoa makala nikachora ule ufa taratibu, kila pindo lake, papa amesimama na mzigo wake mgongoni ananingoja.

Juu kabisa, mita 3,470, baridi ilikuwa mingi na moshi unachoma macho. Usiku tukalala kifudifudi ukingoni mwa shimo la volkano. Picha za simu zilitoa doa jekundu tu. Lakini ukichora unalazimika kuangalia, na nilivyoangalia nikaona ziwa la moto lina ngozi nyeusi, ngozi inapasuka vipande, kati ya vipande mistari ya mwanga inakimbia, kipande kinazama kingine kinakuja, haikai hata kidogo. Nikapaka makala ukurasa mzima kwa kidole nikaacha mistari tu iwe nyeupe. Naupenda huo ukurasa kuliko yote, na zaidi tangu tarehe 22 mwezi wa tano 2021, mlima ulipopasuka tena mbavuni na ziwa lile likakauka. Kisha nikageuka upande wa mji, taa za Goma na za Gisenyi zimeungana, mpaka hauonekani, nikachora na hizo.

Nyumbani mama alifungua kaye yote, mikono ina unga wa fufu, ziwa la moto akalipita haraka. Akasimama kwenye ufa.

"Ni hapa?"

"Ndiyo mama, ni hapo."

Akaangalia mara ya pili. "Mbona hujaandika jina? Andika Shaheru. Andika na mwaka. Na nyumba yetu chora, chini huku, ilikuwa na mlango wa buluu na muparachichi nyuma."

Mi muparachichi sikuukumbuka kabisa. Akavuta kiti akaanza kunielekeza, dirisha lilikuwa wapi, jiko lilikuwa wapi, jirani gani alikuwa upande gani, na mi nachora.