Saa za Debrecen na shikamoo ya Wahungaria

Safari ya Hortobágy ilinipita. Tuliagana na wenzangu wa darasani tukutane stesheni kuu ya Debrecen, mji ninakosoma huku Hungaria, Jumamosi asubuhi, twende tukaione ile nyika pana na daraja lake la matao tisa. Nikaomba wanitajie saa kwa Kihungaria, maana nilishakaa miezi miwili na nilitaka kukizoea. "Fél kilenc," wakasema. Kilenc ni tisa, yaani saa tatu yetu ya asubuhi. Fél ni nusu. Nikajumlisha, nikapata saa tatu unusu. Nilifika saa tatu na robo nikiamini nimewahi, kumbe treni imeondoka kitambo.

Fél kilenc ni nusu ya saa ya tisa: imeanza, imefika katikati, haijatimia. Kwa hiyo ni saa mbili unusu. Robo nazo huhesabiwa vivyo hivyo. Negyed kilenc ni saa mbili na robo, háromnegyed kilenc ni saa tatu kasorobo. Sisi tuliozoea kugeuza saa za Kizungu kichwani, hapa tunageuza mara mbili. Wiki nzima nikawa kila nikitazama saa nasema kwa Kihungaria, kimoyomoyo, mpaka ikaingia.

Hata hivyo saa hazikuacha kunisumbua, kwa sababu saa za Kiswahili zimefungwa kwenye jua. Kwetu Mombasa jua huzama kwenye saa kumi na mbili na ushei, mwaka nenda mwaka rudi. Debrecen, mwezi wa Desemba, Magharibi huingia kabla ya saa kumi, na mwezi wa Juni unaingoja mpaka saa tatu ya usiku inakaribia. Majira yangu ya baridi ya kwanza yalikuwa mazito. Natoka maabara kiza kimetanda, mwili unataka kulala, usiku wenyewe usingizi hauji. Kilichonifaa ni kuacha kuifuata saa na kuufuata mwanga. Nikisha kuswali Adhuhuri navaa koti, natembea Nagyerdő, ule msitu ulio jirani na chuo, hata theluji ikiwa inaanguka. Nusu saa tu kila siku. Anayekuja huku kutoka pwani, hilo ndilo la kwanza ningemwambia, kabla ya habari za koti na viatu.

Nilikuja kusomea kilimo, shahada ya pili, kwa ufadhili wa Stipendium Hungaricum ambao serikali ya Hungaria ilianzisha mwaka 2013. Masomo ni kwa Kiingereza, ila somo la Kihungaria tulipangiwa mwaka wa kwanza. Kila mtu alinitisha kwamba lugha hii haisomeki. Mimi nikaona mambo niliyoyajua tangu utotoni. "Szeretlek" ni neno moja, na maana yake ni "nakupenda": mimi, wewe na kupenda vimo humo humo, tofauti ni kwamba sisi huanza na viambishi na wao humalizia navyo. Ő ni yeye, awe mwanamume au mwanamke. Sisi tunasema piga, pigia, lakini soma, somea, kwa kuwa irabu hufuatana. Wao husema házban, ndani ya nyumba, lakini kertben, ndani ya bustani, kwa sababu hiyo hiyo. Na ny yao ni ny yetu. Wenzangu waliokuwa wakipima kila kitu kwa Kiingereza waliteseka zaidi. Namshauri Mswahili yeyote atakayekuja: kijifunze Kihungaria ukisimama kwenye Kiswahili chako.

Salamu ndizo zilizonifungulia mlango. Jengo nililopanga lina ghorofa nne, na mwanzoni watu wa ngazini walinipita kimya, nikadhani hawanitaki. Kumbe wao walinisubiri mimi niliyeingia. Ukiingia dukani, kwa daktari, kwenye lifti, wewe ndiye wa kusema "Jó napot kívánok", nakutakia siku njema. Barabarani usimsalimu usiyemjua, wala usimuulize mtu hali ukitarajia jibu la "nzuri", maana atasimama akueleze mgongo unavyomuuma na bei ya umeme. Mimi hilo nalipenda. Afadhali anayejibu kweli.

Orofa ya chini yangu anakaa bibi mmoja wa makamo ya nyanya yangu. Wazee wa kike huku huitwa néni, kama tusemavyo bibi au shangazi, na wa kiume bácsi. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba watoto, na wanaume pia, humwamkia mwanamke mzee kwa kusema "Csókolom", kifupi cha "nabusu mkono wako". Nilipolisikia hilo nikamkumbuka nyanya, tunavyomwinamia na kuubusu mkono wake asubuhi. Kesho yake nikamkuta néni ngazini na mfuko wa viazi. "Csókolom!" Akasimama, akanitazama, akacheka kwa furaha, akanijibu maneno mengi ambayo sikuelewa hata nusu. Nikamchukulia mfuko. Mlangoni kwake nikavua viatu bila kuambiwa, naye akanitolea makubadhi ya wageni. Kuanzia siku hiyo nikawa na mtu.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba maua ya zawadi huwa ya idadi ya witiri. Shufwa ni ya mazikoni. Yeye pia ndiye aliyekaa nami kuzisoma fomu. Fomu za huku, ya benki, ya bima ya afya, ya kodi, zinataka "anyja neve", jina la mama, tena lile alilozaliwa nalo. Nilizijaza kwa raha. Kwetu mwanamke hafuti jina la babake kwa kuolewa, kwa hiyo sikuwa na la kutafuta. Mama nilipomwambia kwa simu kwamba jina lake limo katika kila karatasi yangu, alinyamaza kidogo, kisha akaniombea dua.

Chakula ndicho kilichonichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu nguruwe yumo mahali usipomdhania. Maneno ya kukariri kabla ya kwenda sokoni ni sertés na disznó, yote ni nguruwe, na zsír, ambayo ni mafuta ya mnyama, mara nyingi ya nguruwe. Pogácsa, vile vimkate vya chumvi vinavyouzwa kila kona, vingine hukandwa na tepertő, makoko ya mafuta hayo. Csirke ni kuku, pulyka bata mzinga, marha ng'ombe, hal samaki. Lángos, mkate wa kukaanga unaopakwa kitunguu saumu na malai chachu, naupenda sana, ila huuliza kwanza umekaangwa kwa mafuta gani.

Desemba ya pili, siku moja kabla ya mkesha wa Krismasi, néni aligonga mlango. Mkononi ana sahani imefunikwa kitambaa: bejgli, keki ya kuviringisha yenye mbegu za mpopi, ambayo kila nyumba huioka msimu huo. Sikuwa nimeuliza kitu. Akainua kidole, akasema polepole ili nimwelewe: "Vajjal. Nem zsírral." Kwa siagi. Si kwa zsír.