Kutoka Kigamboni hadi Ocean Road: Shangazi na Moto wa Mionzi

Tulifika kivukoni Kigamboni saa 12:30 asubuhi, mimi na shangazi yangu, ili tuwahi foleni ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambako siku hiyo alikuwa anaanza tiba. Pantoni ilijaa wachuuzi na wanafunzi. Shangazi, aliyekuwa kimya tangu tulipotoka nyumbani, aliniuliza katikati ya maji swali ambalo naamini lilimnyima usingizi: "Mwanangu, kila mtu ananiambia nakwenda kuchomwa mionzi. Wewe unafundisha fizikia. Moto wake ukoje?"

Sikutaka kumjibu harakaharaka, kwa kuwa neno hilo la kuchomwa limebeba nusu ya ukweli. Mionzi hupasha joto kila kitu kinachoinyonya. Chembe ya mionzi inapopenya kwenye chuma, maji au nyama, huzing'oa elektroni za atomu zilizo njiani mwake, hupungua kasi kila inapofanya hivyo, na nishati inayoiacha nyuma huishia kuwa mtikisiko wa atomu za pale. Mtikisiko huo ndio joto. Kinachotofautiana ni kiasi chake.

Tuliposhuka upande wa Feri tulipita kando ya soko la samaki, ambako kijana mmoja alikuwa akivunja bonge la barafu kwa nyundo na vipande vikiruka hadi miguuni mwetu. Nikamsimamisha shangazi palepale. Mwaka 1903, nilimweleza, wanasayansi Pierre Curie na Albert Laborde walipima huko Ufaransa joto la radiamu, metali inayotoa mionzi yenyewe, wakakuta kwamba gramu moja hutoa takriban kalori 100 kwa saa, joto linalotosha kuyeyusha barafu yenye uzito kuizidi radiamu yenyewe, saa baada ya saa, bila kuni wala mkaa. Sababu ni kwamba chembe za alfa, zile nzito ambazo radiamu huzirusha, haziendi mbali: nyingi hunaswa ndani ya kipande kilekile kilichozitoa na kukipasha joto. Joto la namna hiyo, la plutoniamu-238, metali nyingine yenye mionzi, ndilo linalogeuzwa kuwa umeme katika vyombo vya Voyager vilivyorushwa angani mwaka 1977.

Shangazi aliitazama ile barafu, akajifunga mtandio vizuri. Niliona kwamba nimemwongezea hofu, nikaita bajaji.

Njiani, baada ya kupita Ikulu, nilimimina chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa na kumwomba apige funda moja. Dozi ya mionzi hupimwa kwa grei, na grei 1 ni jouli 1 inayonyonywa na kilo 1 ya mwili. Dozi ya kawaida ya siku moja ya tiba ni takriban grei 2 kwenye eneo lenye uvimbe. Maji yakinyonya grei 2, joto lake hupanda kwa nyuzi 0.0005 hivi za selsiasi, badiliko ambalo kipimajoto cha homa hakiwezi kulionyesha. Funda lile la chai lilimpa joto kubwa kuliko hilo mara nyingi. Jambo moja sikumwambia: grei 4 zikienea mwili mzima zinaweza kumuua mtu asiyepata matibabu, ingawa kwa mtu wa kilo 70 jumla yake ni jouli 280 tu. Nguvu ya mionzi haimo katika joto lake. Imo katika kukata nyuzi za DNA ndani ya seli, nayo seli ya saratani kwa kawaida hushindwa kujitibu kama seli yenye afya inavyojitibu. Hata ngozi inayobadilika rangi baada ya wiki kadhaa za tiba haikuunguzwa na joto. Seli zake ndizo zilizoumia.

Alipotoka chumbani alisema hakuhisi chochote, ila meza ilikuwa ya baridi. Mhudumu mmoja alinieleza kwamba joto la kweli limo ndani ya mashine, pale elektroni zinapogonga kipande cha metali ya tangsteni na kuzalisha mionzi, kipande ambacho hupoozwa kwa maji yanayozunguka muda wote.

Tulirudi saa 7 mchana. Vyuma vya pantoni vilikuwa vimeshika moto wa jua, na shangazi alikunja ncha ya khanga mara mbili kabla ya kushika ukingo. Kisha akaniomba nimsimulie tena habari ya radiamu na barafu, polepole, kwa sababu jirani yake naye ataanza tiba Jumatatu.